Ukingo wa Paa

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na Kutoka 39:32–43.

 

Asubuhi ya leo nataka tutazame amri moja fupi ambayo wengi wetu huipita upesi tunaposoma vitabu vya Musa. Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Hapo Mungu anamwagiza kila mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kulizunguka paa lake, ili mtu asianguke kutoka huko juu, na nyumba ile ikachukua hatia ya damu yake. Mwenye Biblia na aisome tena jioni pamoja na jamaa yake.

Mtu aweza kuuliza, paa na wokovu vinahusianaje? Basi na tuzikumbuke nyumba za nchi ile. Mapaa yao hayakuwa ya mabati yaliyoinama kama yetu. Yalikuwa tambarare, na watu walikaa huko juu. Rahabu alianika mabua ya kitani juu ya nyumba yake, na wapelelezi wakafichwa chini ya mabua hayo. Petro alipokuwa Yafa alipanda juu ya nyumba wakati wa adhuhuri ili aombe. Juu ya paa palikuwa kama ukumbi wa nyumba.

Sasa angalieni jambo hili. Mwenye nyumba mwenyewe hakuuhitaji sana ukingo ule. Aliijua nyumba yake hata gizani. Ukingo ulikuwa kwa ajili ya mtu mwingine: mgeni aliyeamka usiku asijue yuko wapi, mtoto wa jirani akimbiaye huku akitazama nyuma, mjukuu ambaye siku nyumba ilipojengwa alikuwa hajazaliwa. Watu hao hawakuwapo fundi alipokuwa kazini, wala hawakuulizwa neno. Kwa hiyo Mungu alinena kwa ajili yao.

Nimelileta somo hili kwa sababu ya swali nililoulizwa na kijana mmoja, fundi wa stima. Mchana ameajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni na siku za Jumamosi huenda kuweka nyaya katika nyumba za watu. Kazi hiyo alifunzwa na mjomba wake, akianza kwa kumshikia ngazi, na kwa kweli ana mikono mizuri. Lakini hana leseni, wala jina lake halimo katika orodha yoyote ya mafundi. Siku moja baada ya mahubiri juu ya uaminifu kazini alinijia akasema, "Mchungaji, neno lile limenikaa moyoni. Mimi siibi. Kazi yangu ni safi na bei yangu ni ya maskini. Ada ya shule ya wadogo zangu inatoka humo. Tena nimewahi kurekebisha kazi mbovu ya mtu mwenye leseni. Sasa dhambi yangu iko wapi?"

Nilimwambia, "Umeuliza vema, kijana wangu. Nipe nafasi nikujibu sawasawa." Na leo nalijibu swali hilo mbele yenu nyote, maana si lake peke yake. Wako wajenzi, mafundi wa mabomba, wapima mashamba, wauza dawa, hata watu wanaochoma sindano nyumbani kwao usiku, ambao huuliza jambo lilo hilo mioyoni mwao. Kazi wanaijua kwa kiasi, hitaji ni kubwa, na karatasi hakuna.

Kwanza tuseme wazi sheria inavyosema. Hapa Kenya, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yamkataza mtu kufanya kazi ya kuweka nyaya za stima katika jengo kama hana idhini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mamlaka hiyo humpima fundi, humpa leseni ya daraja linalolingana na ujuzi wake, na huweka orodha ya majina ambayo mwananchi yeyote aweza kuitazama. Wajenzi nao wana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo husajili makandarasi na kuwatambua mafundi wa ujenzi.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mamlaka imewekwa na Mungu kwa ajili ya mema yetu. Hilo lingetosha kuwa jibu. Lakini najua kwamba mtu akiambiwa tu, "Ni sheria," hunyamaza kwa mdomo huku moyo wake ukiendelea kubishana. Basi natuitazame kazi yenyewe.

Katika soketi ya nyumbani huingia nyaya tatu. Mmoja huleta stima. Wa pili huirudisha. Wa tatu ni ule wa ardhini, ambao mafundi huuita arthi. Huu wa tatu ni wa ajabu, kwa maana siku zote hauonekani kuwa na kazi. Ukiuacha, taa zitawaka. Redio itasema. Pasi itapata moto. Mwenye nyumba atafurahi, atalipa, na atamsifu fundi kwa majirani. Lakini siku moja birika la stima litaharibika ndani, na stima itagusa bati lake la nje. Kama waya wa tatu upo na umefungwa vema, utaichukua stima ile na kuipeleka ardhini, na swichi kuu itajikata. Kama haupo, stima itangoja mkono wa mtu. Na stima ya nyumba zetu ni ya volti 240, nguvu itoshayo kumwua mtu mzima, sembuse mtoto aliyetoka kuoga miguu ikiwa na maji.

Je, mnaona? Waya wa tatu ndio ukingo wa paa. Hauna faida kwa macho mpaka usiku ule mgeni anapoukaribia ukingoni.

Tena kuna jambo la unene wa waya. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5, wa soketi ni 2.5, na ule wa shawa ya maji moto ni mnene zaidi kuliko hiyo yote, kwa sababu shawa ile hula stima nyingi kwa mara moja. Fundi akitumia waya mwembamba mahali pa ule mnene, shawa itafanya kazi siku hiyo hiyo, na maji yatatoka moto. Lakini ndani ya ukuta waya unapata joto kila asubuhi watu wanapooga. Mpira wake unakauka, unapasuka, unayeyuka kidogo kidogo. Huenda mwaka ukapita, au miaka mitatu, kabla ya moto kutokea. Kufikia hapo ukuta umepigwa plasta na kupakwa rangi, fundi amehamia mji mwingine, na mpangaji aliyelala ndani ni mtu ambaye hawajaonana naye kamwe.

Kwa hiyo fundi asemapo, "Nimeweka nyumba nyingi na hakuna iliyoungua," hasemi uongo, lakini hajatoa ushahidi wowote. Kazi ya stima haijipimi siku ya kulipwa. Wanaolijua jambo hili ni wale waliofunzwa kupima, wenye vifaa vya kupimia, na ambao kazi yao imetazamwa na mtu mwingine.

Na hapo ndipo ninapomjibu kijana wangu. Dhambi haiko katika mikono yake. Mikono ile ni karama ya Mungu. Iko katika mambo matatu.

La kwanza, amemwekea jirani yake hatari bila kumwuliza. Yeye mwenyewe amekubali kujiamini, na hiyo ni haki yake. Mwenye nyumba naye huenda amekubali, kwa sababu bei ni nafuu. Lakini mama mpangaji atakayeingia mwaka kesho na watoto wanne hakukubali. Yeye anapoona taa ikiwaka, anadhani kwamba mtu aliyejaribiwa ameiweka. Anaulaza mwili wake na watoto wake juu ya imani hiyo. Kumwacha mtu aamini jambo ambalo wewe wajua si kweli, wakati uhai wake unalitegemea, ni kumshuhudia uongo, hata kama hukufungua kinywa.

La pili, amekimbia kukaguliwa. Wengine husema kwamba fundi aliyeokoka hahitaji mkaguzi, kwani Roho Mtakatifu humwongoza. Basi fungueni kitabu cha Kutoka. Hakuna fundi aliyesifiwa katika Biblia kama Bezaleli. Imeandikwa katika sura ya 35 kwamba Mungu mwenyewe alimwita kwa jina na kumjaza Roho, akawa na ustadi katika dhahabu, mawe na miti. Lakini angalieni yaliyofuata. Musa alilitangaza jina lake mbele ya Waisraeli wote, ili kila mtu ajue nani ameaminiwa kazi hiyo. Na kazi ilipokwisha, sura ya 39 yatuambia kwamba waliileta yote kwa Musa, kitu kimoja kimoja, mbao na nguzo zake, mapazia na kamba zake. Musa akaitazama kazi yote, akaona kwamba imefanywa kama Bwana alivyoagiza. Ndipo akawabariki.

Ndugu zangu, ikiwa kazi ya mtu aliyejazwa Roho wa Mungu ilikaguliwa, mimi na wewe ni nani hata tuseme yetu isikaguliwe? Tena baraka ilikuja baada ya ukaguzi. Fundi mwaminifu hapotezi kitu anapotazamwa. Kazi yake njema ndiyo inayopata shahidi.

Kusajiliwa maana yake ni kwamba fundi amejaribiwa, anajulikana, na aweza kuulizwa. Ni kweli, kama alivyosema kijana yule, kwamba wako wenye leseni wanaofanya kazi mbovu. Lakini mwenye leseni ana jina katika kitabu. Ukienda kumshtaki, yuko wa kushtakiwa, na leseni yake yaweza kuondolewa. Yule afanyaye kwa siri, siku moto unapowaka, simu yake haipatikani. Nani atawajibu wenye nyumba?

La tatu, siri moja huzaa nyingine. Kabla ya nyumba kuletewa mita, kampuni ya umeme hudai cheti cha kazi ya nyaya kilichotiwa saini na mtu mwenye leseni. Fundi asiye na leseni ataipata wapi saini? Ataitafuta kwa mwenye leseni fulani, naye ataweka mhuri juu ya kazi ambayo hakuiona, kisha atapokea fedha zake. Sasa kuna uongo ulioandikwa, wenye mhuri, na watu watatu wanaujua: fundi, mwenye mhuri na mwenye nyumba. Kila mmoja humwogopa mwenzake. Mlianza kwa jambo la karatasi tu, na sasa mmefika kwenye ushahidi wa uongo na fedha ya damu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni maneno ya mimbarani tu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Serikali ilieleza kwamba jengo hilo lilikuwa halina kibali. Waliokufa wengi walikuwa wapangaji waliolipa kodi ya nyumba wakijua wamepata mahali pa kulala. Wao hawakuchora ramani wala hawakuchanganya saruji. Walilala tu. Ndio wale Musa aliowaona alipoagiza ukingo.

Sasa nataka niseme na makundi mbalimbali, kwa kuwa si haki mzigo huu kuubeba fundi peke yake.

Nianze na wewe mwenye nyumba. Wewe ndiwe umtafutaye fundi wa bei ya chini, ukimwambia, "Fanya hivyo hivyo, hakuna atakayeona." Unalipia rangi ya ukuta fedha nyingi kwa sababu wageni wataiona, na waya unaununua ule mwembamba kwa sababu utafichwa. Amri ya ukingo haikuandikiwa fundi. Iliandikiwa mwenye nyumba. Kabla kazi haijaanza, omba kuiona leseni, na ulitafute jina katika orodha. Huko si kumdharau mtu. Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa.

Nawaambia pia ninyi wazee wa kanisa na kamati za ujenzi. Mara nyingi tunasema, "Kazi hii ni ya Bwana. Kijana wetu fulani atatufanyia bure." Kijana anapanda darini, anaunganisha taa, vipaza sauti na feni, na sisi tunampigia makofi Jumapili. Je, kwa kuwa jengo ni la Bwana, moto hauliogopi? Humo ndani huketi watoto wa shule ya Jumapili, na mama zetu wazee wasioweza kukimbia. Kama kuna jengo lililostahili kukaguliwa kwa uangalifu, ni lile ambalo tunawaita watu kwa kengele waje walijaze. Kanisa lisilokuwa na cheti halina kinywa cha kumwonya kijana yule.

Wewe mwenye leseni unayeuza saini yako, nakuomba ufikiri. Mhuri wako si mali ya kukodisha. Ni ahadi kwa mtu usiyemjua kwamba uliiona kazi kwa macho yako na kuipima kwa vifaa vyako. Unapoiweka juu ya kazi ya gizani, umeukata ukingo na kuacha picha yake tu, ili mtu auegemee aanguke. Nakuona una hatia kubwa kuliko kijana, kwa sababu wewe wajua.

Na wewe afisa uketiye mezani, ambaye karatasi za fundi maskini zinalala kwako miezi mpaka akuletee kitu kidogo, usidhani kwamba somo hili limekupita. Kila siku unayomrudisha bila sababu, unamsukuma arudi kwenye kazi ya siri. Ukingo wa watu umewekwa mkononi mwako. Usiuuze.

Mwisho nasema na wewe, kijana wangu fundi, maana wewe ndiwe uliyeuliza.

Watoza ushuru na askari walipomjia Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi zao waende jangwani. Katika Luka sura ya 3 twaona kwamba aliwaonyesha namna ya kuifanya kazi ile ile kwa haki. Nami sikuambii utupe koleo na bisibisi zako. Nchi hii inawahitaji mafundi. Lakini fanya mambo matatu.

Toka gizani kwanza. Usichukue tena kazi kwa jina lako peke yako kabla hujapata leseni. Mtafute fundi mwenye leseni, mcha Mungu, ufanye kazi chini yake, naye aisimamie kweli kwa macho yake. Mapato yatapungua, najua. Huenda Jumamosi moja uliyopata fedha ya wiki nzima sasa utapata nusu yake. Lakini usiku utalala, na upepo ukivuma hutajiuliza nyumba ipi inaungua.

Kisha ukajaribiwe. Iko Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo huwapa mafundi mtihani wa ufundi wa daraja la 3, la 2 na la 1. Wengi waliojifunza kazi kwa kumshikia mtu ngazi wameupitia mtihani huo, wakapata cheti, kisha wakaendelea mbele kuitafuta leseni. Ada yaweza kuwa nzito kwa mtu mmoja. Hapo naligeukia kanisa tena. Tunafanya harambee za arusi na za mazishi, na ni vema. Je, hatuwezi kufanya harambee moja ndogo ya kumlipia kijana wetu mtihani? Ni rahisi kumhukumu mtu asiye na cheti. Kumsaidia akipate ndiko kumpenda.

Jambo la tatu ni gumu kuliko yote. Rudi kwenye zile nyumba. Zakayo alipokutana na Yesu hakusema tu, "Kuanzia leo nitakuwa mwema." Aliwakumbuka watu aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia. Nawe wazikumbuka nyumba ulizoweka nyaya. Wajua mahali ulipokosa waya mnene ukaweka mwembamba kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Wajua chumba ambacho arthi haikufika. Nenda kwa mwenye nyumba, umwambie, "Baba, kazi niliyokufanyia haikupimwa na mtu mwenye leseni. Naomba ipimwe, na palipo na kosa nitapatengeneza." Huenda akakasirika. Huenda akakudai fedha. Huenda pia akakushukuru mpaka machozi. Lolote litakalotokea, utakuwa umeujenga ukingo ambao haukuwapo, na huenda kuna mtoto atakayekua awe mtu mzima asijue kamwe kwamba wewe ulimwokoa.

Wapendwa, mbona mchungaji anazungumza juu ya nyaya badala ya mbingu? Ni kwa sababu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alimfananisha mtumishi wa Mungu na mjenzi, na akasema kwamba siku yaja ambapo kazi ya kila mtu itajaribiwa kwa moto. Siku hiyo plasta itaanguka yote. Yaliyofichwa ukutani yataonekana: si nyaya tu, bali mhuri wa uongo, bei ya hila, na kila jambo tulilolifanya tukidhani kwamba hakuna aonaye. Kila Jumapili katika ibada yetu twaungama makosa ya kutenda na makosa ya kuacha. Waya ulioachwa ni kosa la kuacha. Ukingo usiojengwa ni kosa la kuacha. Na Mungu huyasikia maungamo yetu akiwa anaijua nyumba ambayo twaisema.

Lakini kuna habari njema pia. Mwokozi wetu alikuwa fundi. Marko anatuambia kwamba watu wa kwao walimjua kuwa seremala, na waliitaja kazi yake hadharani. Hakuna aliyepata kusema kwamba kiti cha Yesu kilimwangusha mtu. Yeye ajuaye uzito wa ubao na uchovu wa jioni anakujua wewe pia, na njaa ya nyumbani kwako anaijua. Hakuja kukufichua ili akuaibishe. Amekuja kukutoa gizani ili ufanye kazi mchana, jina lako likijulikana, na baraka ya Mungu ikiwa juu ya kazi ya mikono yako.

Kijana yule hajanipa jibu lake bado. Aliondoka akifikiri, na mimi ninamwombea. Mwombeeni ninyi pia, na mjiulize: katika kazi yangu, ni nani alalaye juu ya paa langu, na ukingo uko wapi?

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemjaza Bezaleli ustadi, tunakushukuru kwa mikono ya mafundi wote wa nchi yetu. Utusamehe kazi tulizoficha, na saini tulizouza, na bei rahisi tuliyoipenda kuliko uhai wa jirani. Uwape ujasiri wale wanaopaswa kurudi na kutengeneza. Wafungulie njia wale wanaotafuta kusajiliwa kwa haki, na uwape maafisa wetu mioyo safi. Walinde usiku wa leo watoto wote wanaolala katika nyumba ambazo hawakuzijenga. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.